Timu tatu zikilingana pointi, kanuni iandikweje? (mashindano ya vyuo Mtwara na Lindi)

KatibuMichezo
Wakuu, habari za jioni. Tunaandika kanuni za mpira wa vyuo huku kusini. Timu nane, makundi mawili: Mtwara (Masasi, Newala, Tandahimba, Mikindani) na Lindi (Nachingwea, Ruangwa, Kilwa, Liwale). Kila timu inacheza mechi tatu za kundi lake na mbili dhidi ya timu za kundi la pili. Wawili wa juu kila kundi wanaingia nusu fainali, Nangwanda Sijaona. Rasimu inasema tu "zikilingana pointi itaangaliwa tofauti ya magoli". Mjumbe mmoja anataka tuige vyuo vya Marekani na divisheni zao. Wao wanafanyaje?

Mkorosho
Katibu, kule kwenye mpira wao wa Kimarekani (wa kubeba mkononi) vyuo viko kwenye konferensi, yaani ligi, na konferensi kubwa zilikuwa na divisheni mbili kama makundi yenu. Mechi zote za ndani ya konferensi ziliingia kwenye msimamo wa divisheni, hata ulizocheza na divisheni ya pili. Mechi za nje ya konferensi hazikuhesabiwa. Wanapanga kwa asilimia ya ushindi, na kwao inawezekana kwa sababu tangu 1996 mchezo wao hauna sare. Sisi tuna sare, baki na pointi.

Wakilingana wawili, swali la kwanza ni nani alimfunga mwenzake. Balaa huanza wakiwa watatu. Mwaka 2008, divisheni ya kusini ya konferensi ya Big 12, Texas iliifunga Oklahoma 45-35, Texas Tech ikaifunga Texas 39-33, Oklahoma ikaichapa Texas Tech 65-21. Wote wakamaliza na kipigo kimoja. Kanuni ikaishia kwenye orodha ya ubora ya BCS (mfumo wa kupanga timu za nchi nzima), na Oklahoma ikaenda fainali ya konferensi. Kwa kanuni ya wakati ule ya SEC, konferensi nyingine, orodha ingetumika kumtoa wa tatu tu, kisha wawili waliobaki waangaliwe walipokutana. Hapo angepita Texas. Matokeo yaleyale, bingwa mwingine.

Na mwambie mjumbe wako kwamba divisheni zenyewe konferensi kubwa zimezitupa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ililegeza sharti la divisheni kwa fainali za konferensi 2022, Pac-12 ikaziacha mwaka huohuo, ACC 2023, SEC na Big Ten 2024. Walichoka kuona timu mbili bora zimebanana upande mmoja.

Refa_Ilulu
Kosa la rasimu ni hilo la tofauti ya magoli kuja mwanzo. Mechi mbili za kundi la pili hazifanani: mmoja kapangiwa wagumu, mwingine kapangiwa vibonde. Magoli saba aliyoyapata kwa kibonde yanamsogeza juu ya timu iliyomfunga yeye. Kwa hiyo anzeni na mechi walizokutana wao kwa wao: pointi, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga. Baada ya hapo ndipo muangalie msimamo mzima.

Halafu kuna sentensi ambayo kanuni nyingi za mitaani hazina. Chukua mfano: Masasi 1-0 Newala, Newala 2-0 Tandahimba, Tandahimba 2-1 Masasi. Wote pointi tatu katika jedwali lao dogo, yaani la mechi za wao kwa wao tu. Newala ana +1, Masasi 0, Tandahimba -1. Newala wa kwanza, hilo halina mjadala. Wa pili nani? Ukiendelea na jedwali lilelile, ni Masasi. Ukimtoa Newala na kuanza upya kwa wawili waliobaki, ni Tandahimba, maana alimfunga Masasi. Wamarekani wanaanza upya, UEFA wanarudia vigezo kwa wale tu ambao bado wamelingana baada ya jedwali dogo, kwa hiyo hapa kwao wa pili ni Masasi. Chagueni lolote, lakini liandikwe kabla ya mechi ya kwanza. Likiachwa wazi, siku hiyo kila kiongozi atakuja na tafsiri inayombeba.

KatibuMichezo
Nimekupata, Refa. Na jedwali dogo likigoma? Pia Liwale ni mbali, timu isipotokea je?

Refa_Ilulu
Likigoma, tofauti ya magoli ya mechi zote, lakini wekeni kikomo: ushindi wa zaidi ya magoli manne uhesabiwe manne. SEC nao wamekata kikomo cha namna hiyo kwenye vigezo vyao vya mwisho. Kisha kadi: njano -1, njano mbili -3, nyekundu ya moja kwa moja -4. Kombe la Dunia 2018 Japani ilipita mbele ya Senegal hivyo, kwa njano nne dhidi ya sita. Maana yake kamisaa lazima aandike kadi zote kwenye ripoti siku hiyohiyo.

Kura ya bahati iwe ya mwisho kabisa. Guinea na Mali waliamuliwa kwa kura AFCON 2015, baada ya kulingana kila kitu.

Asiyetokea anapigwa 3-0. Ila akijitoa kabisa katikati ya mashindano, futeni matokeo yake yote, vinginevyo waliomkuta akiwa bado anacheza wanaumia.

Mkorosho
Nyongeza, Katibu: mechi za mwisho za kundi zianze kwa wakati mmoja. Kombe la Dunia 1982, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza baada ya Algeria kumaliza mechi zake, wakajua 1-0 inawapeleka wote, Algeria ikatoka. Kama hamna viwanja viwili Mtwara mjini, moja ipelekeni Masasi, zote saa kumi kamili.