Trela ya 1/10 kwa gari la rimoti la kupanda mawe: aluminiamu, nondo au printa ya 3D?

Korongo_Kavu

Wakuu, nataka kuunda trela ya tairi mbili itakayovutwa na TRX-4 Defender, gari la rimoti la Traxxas (ekseli hadi ekseli mm 324, upana wa nje mm 249, rimu za inchi 1.9). Umbo ni la trela za jeshi, kama zile Sankey za robo tatu tani zilizokuwa zikifungwa nyuma ya Land Rover za Waingereza: sanduku la wazi, matao ya tairi pembeni, mkono wa kuvutia wenye umbo la A.

Chesisi nimeipanga urefu mm 300 na upana mm 120. Sanduku litakaa juu yake, upana mm 160. Njia ninazozifikiria ni tatu: bomba la mraba la aluminiamu mm 10 × 10 lenye unene wa mm 1, nondo ya chuma mm 5 ya kuchomelea, au kuprinti chesisi yote. Ipi inafaa kwenye mawe, na kila moja inaharibikia wapi kwanza? Pia kuna haja ya springi, au ekseli ifungwe kavu?

Tupa_Bapa

Mkuu, kabla ya chuma angalia uzito unaoruhusiwa. Ukipunguza kipimo mara kumi, ujazo na uzito vinapungua mara elfu moja, kwa hiyo trela halisi ya kilo 750 pamoja na mzigo ni gramu 750 kwenye modeli. TRX-4 yenyewe ina kilo 3 hivi, ambazo ni nzito kuliko Defender halisi kwa kipimo hicho, basi trela ya gramu 800 na mzigo wake haitamwonea. Ukivuka kilo 1 na nusu, kwenye mlima wa mchanga mota ndiyo italipa.

Kwa vipimo vyako unahitaji vipande viwili vya mm 300, vitatu vya kukatiza vya mm 100, na viwili vya mm 220 vya mkono. Jumla mm 1,340, nunua mita moja na nusu. Uzito wa chesisi tupu unakuja hivi:

Aluminiamu 10 × 10 × 1: gramu 130
PETG (plastiki ya printa ya 3D) ya 10 × 10 iliyojazwa kabisa: gramu 170
Nondo ya chuma mm 5: gramu 206
Bomba la chuma 10 × 10 × 1: gramu 380

Bomba la chuma lifute. Kura yangu ni aluminiamu. Mafundi wa madirisha wanatupa vipande vya urefu huu kila siku, msumeno wa chuma na tupa vinatosha, na huhitaji moto.

Aluminiamu huharibikia kwenye viungo, na mara nyingi kosa ni la skrubu. Uzi wa M3 (skrubu ya kipenyo cha mm 3) una hatua ya mm 0.5, kwa hiyo ukikata uzi kwenye ukuta wa mm 1 unapata mizunguko miwili tu ya kushika. Utakaza mara mbili, ya tatu inazunguka bure. Pitisha bolti M3 hadi upande wa pili, weka nati ya kujifunga, na ndani ya bomba sukuma kipande cha mbao ngumu au nailoni cha mm 8 × 8 mahali bolti inapopita. Bila hicho bomba linabonyea kila unapokaza. Kwenye kila kona ya mkono wa A weka bamba la mm 2 juu na chini, bolti mbili kila upande. Ribiti za mm 3.2 zinafaa kwa sakafu na ubao wa pembeni. Kwenye mkono hapana: hapo mtikisiko unazilegeza, na ribiti haikazwi upya.

Bi_Lehemu

Hesabu nzuri kaka, ila umeihukumu nondo kwa uzito peke yake. Tofauti ya gramu 76 ni ndogo kuliko betri ya ziada utakayopakia. Nondo ya mm 5 ukiipinda haina kiungo kwenye kona: fremu ya mstatili yenye kona nne inatoka kwenye kipande kimoja, unafunga mwisho mmoja tu. Ikigonga jiwe inapinda, unainyoosha kwa mkono. Aluminiamu ya madirisha ikipinda na kunyooshwa inaanza kupasuka pale pale.

Sharti ni kiungo. Lehemu ya redio inayoyeyuka nyuzi 183 haibebi mkono wa kuvutia, hata uimwage kijiko kizima. Inakubalika ukifunga kiungo kwanza kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko sita au zaidi, kisha lehemu inywe ndani ya waya. Bora zaidi ni lehemu ya fedha, au mpeleke fundi wa gesi aunge kwa fimbo ya shaba ya njano. Mwambie chuma ni mm 5, apunguze mdomo wa moto.

Kabla ya moto funga vipande vyote kwenye ubao, unge viungo kwa mshazari, mbele kushoto kisha nyuma kulia. Ukizunguka viungo kwa kufuatana, joto linavuta fremu upande mmoja na trela itatembea kimshazari kama kaa.

Safu_kwa_Safu

Printa imesahauliwa hapa. Faida yake si uzito, Tupa_Bapa ameshaonyesha kwamba PETG iliyojazwa inazidi bomba la aluminiamu. Faida ni kwamba matao ya tairi, tundu za bolti na vikalio vya springi vinatoka pamoja, mahali pake, bila kupima mara tatu.

Mambo ya kushika kama utaprinti:

PLA, plastiki ya kawaida ya printa, usitumie kwa chesisi. Inaanza kulegea karibu nyuzi 60, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kufika huko. Trela inashushwa ikiwa imejikunja. PETG inavumilia hadi karibu nyuzi 80, ABS zaidi ya 100.

Mkono wa A uprinti ukiwa umelala. Ukisimamishwa, nguvu ya kuvuta inatenganisha safu na safu, unakatika kama muwa. Ongeza kuta ziwe nne au tano badala ya kuongeza ujazo wa ndani, maana nguvu ya kupinda inabebwa na ngozi ya nje.

Hata hivyo, mkono wa plastiki tupu kwenye mawe siupendekezi. Acha tundu la mm 4 kwa urefu wote, sukuma fimbo ya chuma, funga kwa epoksi.

Tupa_Bapa

Kwa hiyo unaprinti plastiki kisha unaijaza chuma. Bi_Lehemu amekaa anacheka.

Nyuzi_45

Korongo_Kavu, kuna kosa kwenye mchoro wako kabla hata hujachagua chuma. Upana wa nje ni mm 249, na tairi moja ya ukubwa huo ni karibu mm 45. Ukitaka trela ipite kwenye nyayo za gari, na ndivyo inavyotakiwa, nafasi kati ya tairi na tairi ni karibu mm 159. Sanduku la mm 160 linasugua. Ama sakafu ikae juu ya tairi, ama sanduku lishuke hadi mm 145 kati ya tairi na matao yatokeze nje. Upime tairi zako kwa kalipa, si kwa maandishi ya kwenye boksi.

Sasa springi. Trela ya tairi mbili inakaa juu ya pointi tatu: tairi, tairi, na kiungo cha kuvutia. Kitu chenye miguu mitatu hakitikisiki popote ukiweke. Mradi kiungo kinaruhusu trela kulala ubavu huku gari limesimama wima, tairi zote mbili zitagusa ardhi hata ekseli ikifungwa kavu. Na kwa kuwa tairi hizo hazina injini, springi haziongezi mvuto wowote. Kwa mwendo wa kutembea, sponji ya ndani ya tairi inatosha.

Ukifunga springi ngumu kuliko uzito, hali ni mbaya kuliko kutokuwa nazo. Trela tupu inarukaruka kwenye changarawe na kupinduka.

Bi_Lehemu

Kwa kupanda mawe nakubali. Lakini ameomba Sankey, na trela ya jeshi bila springi za bapa inaonekana kama toroli. Zinaweza kuwa laini pia, tatizo ni watu kukata bati nene. Ugumu wa bapa unafuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene): kutoka mm 0.4 kwenda mm 0.5 unakaribia kuudabili. Tumia jani moja refu la mm 0.4 la chuma cha springi, upana mm 8, na chini yake majani mawili ya plastiki ya kuigiza. Hapo macho yanaona majani matatu, uzito unaona moja.

Mwisho mmoja wa bapa lazima uwe na kikuku kinachocheza. Ukifunga miisho yote miwili kwa bolti, bapa haina pa kurefukia na inakuwa fimbo.

Shokapu za koili ziache, isipokuwa unaunda trela ya kambi ya kisasa. Zikifungwa kwenye mikono miwili iliyokazwa kwenye ekseli moja, upande mmoja ukipanda jiwe ekseli nzima inataka kujisokota. Ama kila tairi iwe na mkono wake huru, ama mikono ishike ekseli kwa viungo vya gololi.

Korongo_Kavu

Asante Nyuzi_45, kweli sanduku lingesugua. Nimelishusha hadi mm 145. Sasa hicho kiungo cha kuvutia unachosema kilale ubavu: gololi, pini au nini?

Nyuzi_45

Hapo ndipo trela nyingi zinapoharibu safari, kuliko chesisi. Kiungo kinatakiwa kucheza pande tatu: kushoto na kulia, juu na chini, na kujizungusha.

Pini na pete ni rahisi, na kinaonekana cha jeshi. Lakini kujizungusha kwake kunatokana na ulegevu wa tundu tu. Pini ya mm 3 kwenye pete ya mm 3.2 inabana mapema, kisha trela ikilala inaliinua tairi la nyuma la gari. Panua pete hadi mm 5 na ukubali kelele.

Gololi ya M3, ile ya viungo vya usukani, ni safi na haina ulegevu. Inacheza nyuzi 20 na ushee kila upande, halafu shingo inagonga kikombe. Kwa njia za vumbi inatosha. Kwenye korongo kikombe cha plastiki kinachomoka, au kinapasuka.

Krosi ya shafti ya zamani ya gari la rimoti ndiyo naichagua. Krosi inashughulikia pande mbili, na nyuma yake unaweka bolti ya M4 inayozunguka ndani ya bushi ya shaba ya njano, washa mbele na nyuma, nati ya kujifunga isikazwe mpaka mwisho. Hapo trela inaweza kupinduka mzunguko mzima na gari likabaki limesimama. Kwa pini au gololi, trela ikipinduka inalibeba gari.

Kwa mkono wenye mm 130 kutoka kiungo hadi ubao wa mbele, na kiungo kilichochomoza mm 25 nyuma ya bampa, kona ya sanduku la mm 145 inafika usawa wa bampa karibu nyuzi 70. Kuongeza mkono hakusaidii sana. Kata kona za mbele kwa mshazari mm 20, utapata nyuzi chache zaidi bila kurefusha.

Uzito wa mdomoni uwe asilimia 10 hivi. Weka mzigo, kalisha kiungo juu ya mizani ya jikoni kwa kimo chake halisi: kwa gramu 800 usome karibu 80. Kama kutoka kiungo hadi ekseli ni mm 310, hiyo ina maana ekseli ikae mm 30 nyuma ya kitovu cha uzito. Ikisoma 20, ukishuka mteremko trela inainua matako ya gari. Ikisoma 200, ukipanda usukani unapotea kwa sababu mbele kumekuwa kwepesi. Toboa matundu matatu ya kufungia springi, kila baada ya mm 10, uweze kuisogeza.

Na mzigo ukae sakafuni. Kitovu kikiwa mm 90 juu ya ardhi, trela inapinduka karibu nyuzi 48. Ukiweka hema na madumu juu kikafika mm 120, zinabaki 40.

Tupa_Bapa

Kuhusu ekseli: usipitishe shafti moja kutoka tairi hadi tairi. Kwenye kona tairi la nje linasafiri mbali zaidi, na zikifungwa pamoja moja inaburuzwa, trela inasukuma gari linyooke. Chukua bomba la nje mm 12, ndani mm 10. Kila upande ingiza beringi mbili za 5 × 10 × 4, zitengane mm 20 kwa kipande cha bomba dogo, na shafti fupi ya mm 5: nje uzi wa M4 na pini ya mm 2 ya kushika heksi ya mm 12 (kiti cha pembe sita cha rimu), ndani klipu ya E. Beringi moja kila upande haitoshi, tairi linayumba.

Ekseli kamili ya gari la zamani inafaa pia ukitoa gia zote za ndani, ila ni nzito, na nundu yake ya katikati inagonga mawe.

Korongo_Kavu

Nimeamua: nondo ya mm 5 kwa fremu na mkono, bapa moja ya mm 0.4, krosi, na matao ya PETG. Sanduku plaiwudi ya mm 3. La mwisho, taa mbili nyekundu za nyuma nizichukulie umeme wapi?

Umeme_Mdogo

Chukua kwenye chaneli tupu ya risiva, kile kifaa cha garini kinachopokea mawimbi ya rimoti. Ukipima volti 6, unganisha LED mbili nyekundu kwa mfululizo na rezista ya omu 150. Kila moja inakula volti 2, mkondo unakuwa miliampia 13, inang'aa vya kutosha mchana. Ukichukua moja kwa moja kwenye betri ya seli 2 weka omu 330, ya seli 3 weka 680.

Waya uuzungushe kwenye msumari upate umbo la springi, na katikati weka plagi ya servo (mota ndogo ya usukani) isiyobana sana, ili trela ikichomoka plagi iachie kabla waya haujakatika. Upande wa gari uwe wa kike. Ukiweka pini upande huo, zitakuwa wazi zikiwa na umeme, na zikigusa ekseli risiva inazima katikati ya mteremko.