Bajaji imenigusa kidogo tu, mafundi wakanifungulia injini nzima

Wakuu nina hasira, niacheni nitoe kwanza, anayetaka kuniambia "pole mkuu ndo maisha" apite kimya kimya.

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004, injini aina ya 1NZ, cc 1500. Sio mpya, ila ilikuwa haina shida, oili namwaga kwa wakati, inanipeleka kazini Tabata mpaka Posta hapa Dar na kurudi. Mwezi jana asubuhi niko kwenye foleni ya Mandela Road, nimekaa leni ya kushoto, bajaji ikaja inapenya katikati ya leni mbili, kijana akaona nafasi mbele yangu akachomekea bila kuangalia, akanipiga kona ya mbele kulia. Wala sio kishindo, ni ule mlio wa plastiki kuvunjika. Bampa likapata ufa, fenda ikabonyea kidogo, taa ikabaki nzima. Bima yangu ni ile ndogo isiyotengeneza gari yangu, na yule dogo anaendesha chombo cha mtu, machozi yanamlenga, nikasema potelea mbali, akanipa elfu thelathini nikaondoka. Hapo ndo ujinga wangu wa kwanza ulipo, nisingeondoka kabla sijafungua boneti.

Maana sijafika hata mita mia mbili nasikia mbele kuna kitu kinasema krrr-tik-tik-tik. Nikikanyaga mafuta kinaenda haraka, nikiachia kinapungua. Nikiwa P (gia ya kupaki) kinasikika kwa mbali, nikiweka D (ya kwenda mbele) nimekanyaga breki kinapiga kelele, nikiwasha AC ndo usiseme. Shikeni hayo maelezo vizuri maana niliyatoa hivyo hivyo kwa kila fundi na hakuna aliyeyasikiliza.

Fundi wa kwanza ana gereji ya maana tu, vijana sita, kompresa, gari zimepangana. Nimepaki hata sijazima, yeye kasimama mlangoni na chai mkononi akasikiliza kama sekunde nne akasema "bosi hiyo taimingi cheni, ukiendelea kuitembelea unaua injini". Nikamwambia fundi mbona hii kelele imeanza leo asubuhi baada ya kugongwa? Akanijibu eti ule mshtuko ndo umeilegeza cheni. Na mimi nikakubali! Jamani bajaji ilegeze cheni iliyoko ndani ya injini kisa imegusa bampa! Lakini ukiambiwa injini inakufa akili inahama, unaona tu mkopo.

Cheni na vikorokoro vyake laki tatu na ishirini, ufundi laki na nusu. Gari ikalala pale siku mbili. Nikaja kuichukua, nawasha, kimya. Nikamshika mkono fundi nikamshukuru kama mtu aliyenitolea mtoto kisimani. Kesho yake jioni narudi nyumbani nafika Buguruni, krrr-tik-tik-tik.

Nikarudi. Sasa akabadilisha wimbo, eti "bosi itakuwa kitu kingine, cheni tumeshaimaliza". Nikamuuliza cheni ya zamani iko wapi niione ilivyolegea, akasema imeshatupwa. Siku mbili tu imeshatupwa! Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo mji mzima huu yeye anatupa.

Nikahamia kwa wa pili, huyu kijana wa mashine. Kachomeka kifaa chake chini ya usukani, simu inaonesha magrafu, elfu thelathini hiyo ya kupima tu. Ikatoka kodi moja (namba ya hitilafu) ya sensa, ambayo mimi nahisi ni ile waliyochomoa wenzake wakati wanafungua cheni. Akanibadilishia plagi nne elfu sitini, na ufundi elfu ishirini. Kelele iko pale pale. Akakaa akaisikiliza upya, akatikisa kichwa kama daktari, akasema injini imenoki, yaani imekufa ndani, nitafute injini nyingine, yeye ana mtu Ilala ana 1NZ safi kutoka Japani kwa milioni na nusu, ufundi tutaongea.

Wakuu usiku ule sikulala. Milioni na nusu kwa sababu ya bajaji.

Sasa jirani yangu kuna mzee alikuwa fundi wa mabasi miaka hiyo, amestaafu, anafuga kuku. Jumamosi asubuhi natoa gari, yeye yupo getini kwake, nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaniambia "kijana wangu hiyo gari yako inasugua kitu". Inasugua. Yule wa kwanza alisikia inagonga, wa pili akasikia imenoki, mzee na magunia ya pumba mkononi kasikia inasugua.

Akanikalisha kwenye kigoda akaanza maswali kabla hajagusa kitu. Ilianza lini? Uligongwa upande gani? Asubuhi ikiwa ya baridi inalia zaidi au kidogo? Ukiwa D inakuwaje? Nikamwambia asubuhi na jioni ni ile ile, D ndo inazidi. Akasema basi cheni toa kabisa, cheni iliyolegea inagonga pale unapowasha injini ya baridi, oili ikishapanda inatulia, na haijui kama uko P au D. Na injini iliyonoki inapiga nzito, inatoka chini tumboni, ukiipa mzigo unaisikia mpaka kwenye miguu. Hii yako ni nyepesi, iko pembeni.

Akaniambia niwashe. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kaiweka kwenye oltaneta, mpini sikioni. Kisha wota pampu, kisha kompresa ya AC. Safi zote. Ili awe na uhakika akazima, akatoa mkanda, hizi gari zina mkanda mmoja tu unaozungusha vyote vitatu, akaniambia washa nusu dakika usizidishe maana bila mkanda maji hayazunguki. Nikawasha. Kelele bado ipo! Mzee akacheka. Akasema umeona, tumevitoa vitatu kwa mpigo na hatujatumia hata shilingi, kilichobaki kinazunguka pale ni puli ya krenki peke yake, lile gurudumu la injini linalovuta mkanda.

Akarudisha mkanda, akaniambia kanyaga breki kwa nguvu, hamisha P kwenda D, D kwenda R. Yeye kasimama pembeni boneti iko wazi. Injini inaruka upande wa kulia kama inataka kutoka. Mauntini ya kulia, ule mpira unaoshikilia injini kwenye bodi, imekufa, mpira umechanika na ule mwonekano wa mafuta mafuta yaliyovuja zamani. Akapiga jeki, akatoa tairi la kulia, akachungulia na tochi ya simu. Ile plastiki ya ndani, kava la kuzuia tope na maji kwenye injini, bajaji ilikuwa imeisukuma ndani, klipu zimekatika, na imefungwa na WAYA. Waya wa kufungia kuku wakuu. Puli yote nyeusi kwa vumbi ila ukingo wake mmoja unang'aa kama sarafu, na chini kuna unga wa plastiki.

Kwahiyo hesabu ndo hii. Mauntini ilikuwa imechoka kabla, hilo nakubali ni uzembe wangu. Bajaji ikasukuma plastiki ikasogea karibu na puli. Ukiweka D au AC injini inabeba mzigo, inalala upande ule, puli inakula plastiki. Mzee akaweka kibao chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) akainua injini kidogo kwa jeki, kelele ikapotea hapo hapo. Akaishusha, ikarudi. Akaniinulia na kuishusha mara tatu makusudi ili nione, nilitamani kulia.

Na hiki ndo kinanichoma. Kwenye hii injini huwezi kufungua kava la taimingi cheni bila kutoa mauntini ya kulia, na puli lazima itoke, na ile plastiki lazima itoke kwanza ili uifikie puli. Yaani yule fundi wa kwanza alivishika VYOTE VITATU kwa mikono yake. Mauntini iliyochanika kaishika, kaiona, kairudisha. Plastiki kaiona imekatika klipu, kaifunga waya. Ndo maana siku ile ilikuwa kimya, waya ulikuwa bado mpya umekaza, ulivyolegea kelele ikarudi. Aliponya gari yangu kwa bahati mbaya na hakujua, au alijua na cheni ilishauzwa, sijui kipi kibaya zaidi.

Mauntini ya mtumba nimepata kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani elfu 65. Mzee akakata ile plastiki iliyokunjamana, akafunga klipu, akadai elfu 20, nikamwongezea na mfuko wa pumba. Elfu 85 imeisha. Kule kwingine nimeacha laki tano na themanini, na bampa bado lina ufa.

Naongezea hapa maana nimeulizwa sana inbox kama zile mashine za kupima gari ni utapeli: hapana, sio utapeli, ila mashine inasoma sensa, haina sensa ya plastiki iliyovunjika. Ukigongwa kona ya kulia na kelele ikaanza dakika ile ile, fundi anayekimbilia ndani ya injini kabla hajatoa tairi la kulia mwambie azime, ondoka. Na kabla hajafungua mwambie umekaa hapo unasubiri spea ya zamani uondoke nayo, uone atakavyobadilika sura.

Jingine, anayeniuliza kwanini simtaji yule fundi wa kwanza. Simtaji kwa sababu bado sijamalizana naye. Tangu walipofungua ile cheni, pale kwenye kava walikopaka silikoni injini inatoa tone la oili, dogo, ila kila asubuhi lipo. Kabla ya kwenda kwao ilikuwa kavu kabisa. Nimepigia simu mara mbili anasema "bosi hiyo ni oili ya kumwagikia wakati wa kazi, itakauka". Wiki ya tatu hii haijakauka. Nimetandika boksi chini ya gari tangu Jumapili, lina madoa matano sasa, nimeandika tarehe kila doa kwa kalamu. Kesho saa mbili kabla hajanywa chai nampelekea boksi lake.