Nimeuziwa raki ya stelingi ya "kufunga boliti tu", sasa Mustang yangu ya 1966 haishiki njia wala haikati kona

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu bila maelezo haya mtu anaweza kudhani kwamba nalalamikia mazoea, kwamba nimezoea stelingi ya zamani na sasa nashindwa kuzoea mpya. Ninachokilalamikia ni gari lililokuwa linaendesheka vizuri, ambalo leo nimeliegesha kwa kuogopa kuua mtu.

Gari ni Mustang ya mwaka 1966, stelingi isiyo na pawa, ile ya boksi lenye skrubu na gololi, ambapo boksi huzungusha mkono, mkono husukuma fito inayopita chini ya injini, na fito hiyo ndiyo inayovuta taerodi, yaani vyuma vinavyogeuza magurudumu ya mbele. Ilikuwa nzito wakati wa kuegesha, na usukani ulikuwa na mchezo wa kama vidole vitatu kabla magurudumu hayajaitika. Kwa hayo mawili tu nikashawishika kuweka raki na pinioni, yaani fito yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo iliyo mwishoni mwa shafti ya usukani. Muuzaji aliniandikia kwamba seti yake inafungwa kwa boliti tu, hakuna kukata wala kuchomelea, na fundi akanihakikishia kwamba amekwisha kufunga nyingi za aina hiyo.

Nianze na hilo la kukata. Kila anayelijua gari hili anafahamu kwamba shafti ya usukani ya miaka hiyo na boksi ni kitu kimoja, yaani chuma kimoja kirefu kinachotoka ndani ya boksi hadi kwenye usukani wenyewe, kwa hiyo haiwezekani kuondoa boksi na kuibakiza shafti. Ahadi ya "hakuna kukata" ilikuwa uongo kabla hata sijalipa. Fundi aliikata kwa grainda bila kunipigia simu, na nilipokwenda kulichukua gari, kipande chenye boksi hakikuwepo tena karakana. Nakiri kwamba chuma kile ni mkuki unaomwelekea dereva gari linapogongwa kwa mbele, na si bure kwamba Marekani iliweka kanuni ya kuzuia usukani kusukumwa kumfuata dereva kwa magari ya kuanzia Januari 1968. Ningeulizwa, huenda ningekubali. Sikuulizwa.

Sasa njoo barabarani. Kwenye tuta la kwanza tu, nikiwa nimeushika usukani umenyooka, gari lilihama upande lenyewe, na kwenye barabara yenye mawimbi ninalazimika kulirekebisha kila sekunde kana kwamba nachunga mbuzi. Nilipolalamika, jibu la muuzaji lilikuwa "kafanye alaimenti". Nimefanya mara mbili. Alaimenti hupanga magurudumu gari likiwa limesimama katika kimo kimoja. Haiwezi kurekebisha kinachotokea gurudumu linapopanda na kushuka. Gurudumu linapopanda, wishboni (mkono unaoliunganisha gurudumu na bodi, mmoja juu na mmoja chini) huchora tao lake na taerodi huchora la kwake. Matao yakikubaliana, gurudumu hupanda huku likitazama mbele. Yasipokubaliana, taerodi husukuma au kuvuta, na gari hugeuka pasipo dereva kugeuza chochote. Ili yakubaliane, jointi ya ndani ya taerodi inapaswa kukaa kwenye mstari unaounganisha egemeo la ndani la wishboni ya juu na lile la wishboni ya chini, na taerodi yenyewe ielekee mahali ambapo mistari ya wishboni hizo mbili ingekutana.

Sikutaka kubishana kwa maneno, nikapima. Niliziondoa springi za mbele (kwa gari hili hukaa juu ya wishboni ya juu, na ni kazi ya kuiheshimu, kwa sababu springi iliyobanwa haina huruma), nikafunga ubao ulionyooka kwenye habu, nikanyoosha kamba pembeni mwa gari, kisha nikapandisha wishboni ya chini kwa jeki, sentimita moja baada ya nyingine, nikipima kutoka kwenye ncha mbili za ubao hadi kwenye kamba. Katika sentimita 5 za kupanda, tofauti kati ya ncha ya mbele na ya nyuma ilibadilika kwa milimita 11. Jointi za ndani za seti hii ziko ndani ya mstari niliouelezea kwa takribani sentimita 4 kila upande. Hakuna alaimenti itakayozisogeza.

Kisha nikalala chini ya gari, nikamwomba kijana wangu azungushe usukani gari likiwa limesimama. Breketi inayoishikilia raki ilijipinda kwanza, inavyoonekana kwa macho, ndipo magurudumu yakaanza kusogea. Mchezo niliolipia uondolewe umehamia kwenye breketi.

Kona nazo ni aibu. Mwendo wa raki hii ni mfupi kwa mikono mirefu ya spindo (vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele) za Mustang, kwa hiyo magurudumu yanaishia njiani, na mahali nilipokuwa nikigeuza gari kwa mara moja sasa narudi nyuma mara mbili. Kuhusu shafti mpya nitasema kwa ufupi: ina krosi tatu (viungo vinavyoiruhusu kupinda) bila beringi ya kuishikilia katikati, na uma zinazoshika krosi hizo hazikulinganishwa, ndiyo maana usukani unakuwa mzito na mwepesi ndani ya mzunguko mmoja.

Nawaomba msinijibu kwamba raki ni teknolojia mbaya. Citroën Traction Avant ilikuwa nayo mwaka 1936 na Morris Minor ilizinduliwa nayo mwaka 1948, na zote zinasifika kwa kushika barabara, kwa sababu wahandisi wake waliipangia nafasi tangu kwenye karatasi. Mimi nimeuziwa raki ya gari jingine iliyobandikwa mahali palipokuwa na nafasi.

Kinachoniuma zaidi nilikigundua juzi. Ndani ya katoni la vyuma vya zamani nililorudishiwa, ulikuwemo ule mkono wa pili unaoishikilia fito upande usio na boksi. Niliushika, ukacheza juu na chini kama jino linalotaka kung'oka, bushi yake imekwisha kabisa. Vidole vyangu vitatu vya mchezo vilikuwa hapo kwa sehemu kubwa. Fundi aliufungua kwa mikono yake, akauona, akautupa katonini, akaendelea kunifungia raki.

Kutoka kwa muuzaji nataka fedha yangu, au anioneshe mchoro wenye vipimo vya jointi za ndani aliouthibitisha kwenye gari la aina hii. Mpaka sasa kila mmoja anamrushia mwenzake mpira. Na kwenu nyote: mwenye boksi la 1966 lenye shafti yake nzima, isiyokatwa, anijulishe hapa, hata kama gololi zake zimelika, kuzibadilisha nitazibadilisha mwenyewe.