Ushauri: Farasi jike wa miaka mitatu, baba wa mbio fupi, mama nasikia wa mbio ndefu. Akimbie mita ngapi?

Saisi_UsaRiver:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, nipo Usa River mwaka wa tisa sasa. Kabla hamjauliza: ndiyo, Arusha farasi wapo, na si wa kubeba watalii tu.

Bosi wangu ana hisa kwa farasi jike anayekimbia Ngong, Nairobi. Aliumia mguu, akaletwa huku apumzike. Amepona, na kila alfajiri mimi ndiye ninayempanda. Mwezi ujao anarudi Kenya. Mwalimu wake wa kule anataka aendelee na mita 1,200 kwa sababu baba yake ni wa mbio fupi, na watoto wengi wa dume hilo wanakimbia umbali huo huo. Ameshazikimbia mara nne: wa tano, wa nne, wa sita, wa nne. Mwanzoni anaachwa, mwishoni anawapita waliokata pumzi, mbio zinakwisha yeye bado anaongeza.

Juzi nimempigisha shoti njia ya shambani, kama mita 1,600. Nilipotaka kumpunguza akaning'ang'ania hatamu. Nikashuka, nikaweka kiganja ubavuni, nikahesabu pumzi kwa saa ya simu. Dakika ya tatu alikuwa ametulia, ananusa mfuko wangu kutafuta karoti. Wa mbio fupi niliowahi kuwashika, muda huo bado wanahema kama mvukuto wa mhunzi.

Bosi anakuja Jumamosi na amesema, "Wewe ndiye unayelala na kuamka naye, niambie." Naogopa kumpinga mtu aliyesomea kazi. Niseme nini?

Mmachame_Og:
Hii ni ya kubeti au? Niambie mapema nikaongee na mama watoto.

DaktariMifugo_Moshi:
Mkuu, baba ni nusu ya habari. Kuna jeni ya miostatini, kazi yake ni kuzuia misuli isijae kupita kiasi. Mwaka 2010 watafiti wa Dublin wakiongozwa na Emmeline Hill walionyesha kwamba sura ya jeni hiyo inakwenda sambamba na umbali ambao farasi wa mbio anafanya vizuri. Sura ni mbili, wanaziita C na T. Farasi anapata moja kwa baba, moja kwa mama. C mbili, misuli inajaa mapema, huyo wa mbio fupi. T mbili, anachelewa kukomaa, mpe mita 2,000 na zaidi. Akiwa na C moja na T moja anakaa katikati.

Sasa piga hesabu. Tuseme baba ana C mbili. Hana kingine cha kumrithisha mtoto ila C. Mama akiwa na T mbili, naye hana kingine ila T. Mtoto lazima awe CT. Kwa hiyo hao ndugu zake wa baba kukimbia 1,200 hakukwambii kitu mpaka ujue mama zao ni nani. Mwenye dume la mbio fupi mara nyingi analetewa majike ya mbio fupi, matokeo yake kila mtu anasema "damu ya baba hiyo".

Kipimo kipo, damu au nywele zenye mizizi, ila usimfuate bosi na habari za maabara za Ulaya kabla hujaona karatasi ya ukoo. Kuisoma karatasi hakuna gharama. Soma upande wa mama: babu mzaa mama, na ndugu wa tumbo moja walishinda mita ngapi.

Babu_Njiro:
Daktari kasema kweli. Mwaka 1973 Marekani kulikuwa na farasi anaitwa Secretariat. Baba yake, Bold Ruler, alijulikana kwa kuzaa wenye kasi wanaoishiwa njiani, na watu wakatilia shaka kama mtoto ataziweza mita 2,400 za mbio kubwa za Belmont. Alishinda kwa urefu wa farasi 31, dakika 2 sekunde 24. Babu yake mzaa mama alikuwa Princequillo, mbegu ya mbio ndefu. Frankel wa Uingereza kinyume chake: baba Galileo, mshindi wa mbio ndefu za Derby ya 2001, mama wa mbio fupi. Mbio 14, ushindi 14, nyingi za mita 1,600.

Hata Bayi wetu wa Karatu (binadamu si farasi, najua) alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, halafu 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Chalii_Sakina:
Mzee, umetaja mabingwa tu. Farasi wa kawaida ni hadithi nyingine. Saisi, usichukie: anayewapita waliochoka huenda hana kasi tu, na ukimpeleka 1,600 atakuwa wa nne huko huko. Hizo 1,600 ulizipima na nini? Alikuwa na mwenzake pembeni au peke yake?

Saisi_UsaRiver:
Nilipima kwa bodaboda. Peke yake.

Chalii_Sakina:
Basi mtoe na farasi mwingine. Chukua muda wa mita 400 za mwisho. Zikiwa sawa na za katikati, una la kusema.

Saisi_UsaRiver:
Mrejesho wakuu. Alhamisi nimemtoa na dume la polo la jirani. Dume liliongoza mpaka kwenye mti wa mjohoro, baada ya hapo sikuliona tena. Mita 400 za mwisho zilizidi za katikati kwa sekunde moja tu.

Jumamosi bosi kaja na karatasi. Kaka wa tumbo moja ameshinda mara mbili, mita 2,000 na 2,400. Bosi kaisoma, kaikunja, kapiga simu Nairobi palepale bandani. Mwalimu hakufurahi. Wamekubaliana 1,600 kwanza, na mimi nasafiri naye hadi Namanga.

Mmachame_Og:
Jina la farasi, mkuu. Nong'ona tu.