Orbit Reader 20 na NVDA: mstari mtupu, kisha Kiswahili kisichosomeka

Msomaji wa Nkuhungu:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mtumishi nisiyeona, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kwa miaka mingi nimefanya kazi zangu za kompyuta kwa kusikiliza sauti ya NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, peke yake. Mwezi uliopita nilipata Orbit Reader 20, kile kifaa cha nukta nundu chenye mstari mmoja wa seli 20, yaani vikundi vya nukta ambavyo kila kimoja huonyesha alama moja. Nilikihitaji kwa sababu kazi yangu ni kuhakiki mihtasari ya vikao, na sikio halinisaidii kujua kama mwandishi ameandika Mohamed au Mohammed. Vitabu vilivyomo kwenye kadi yake ya kumbukumbu ninavisoma vizuri, lakini nikikichomeka kwenye kompyuta yenye Windows 10 mstari unabaki mtupu, na NVDA inaendelea kuongea kana kwamba hakuna kitu kilichochomekwa. Ninatumia waya wa chaja ya simu. Fundi niliyemwita alisema kifaa ni kibovu, akachukua nauli yake akaondoka. Naomba mwenye uzoefu anielekeze kabla sijakikatia tamaa.

Mwalimu wa TEHAMA, Chamwino:

Pole sana, ndugu. Kifaa kinachoonyesha vitabu vya kwenye kadi hakiwezi kuwa kibovu kwa maana aliyoisema huyo fundi, kwa sababu nukta zinazopanda ukisoma kitabu ndizo hizo hizo zinazopanda ukisoma skrini.

Anza na waya. Nyaya nyingi za chaja hubeba umeme tu bila kupitisha data, na dalili yake ni kwamba ukichomeka, Windows haitoi ule mlio wake mfupi wa kutambua kifaa kipya. Tafuta waya mwingine mpaka uusikie mlio huo. Baada ya hapo ingia kwenye menyu ya Orbit yenyewe, utafute sehemu ya USB, uchague namna ya mawasiliano iitwayo HID. Hatua hii wengi huiruka. Kifaa hicho kinaweza kuzungumza na kompyuta kwa namna zaidi ya moja, na mwongozo wa NVDA unashauri HID, ambayo haihitaji kusakinisha draiva yoyote, yaani programu ya kukiendesha kifaa.

Mwisho, bonyeza kwa pamoja kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert), Control na A. Litafunguka dirisha la kuchagua kifaa. Ukikuta limewekwa kwamba hakuna nukta nundu, lirudishe kwenye chaguo la kutambua lenyewe. Bluetooth tuiache kwanza, kwa maana ukianza nayo hutajua kosa liko wapi. Vilevile, kama kuna JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, kwenye kompyuta hiyo, ifunge, maana programu mbili haziwezi kukishika kifaa kimoja kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Nkuhungu:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Waya niliubadilisha, HID nikaiweka, na nukta zikapanda kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Sasa limezuka jambo jingine. Neno Dodoma linasomeka sawasawa, lakini Chamwino linatoka na seli sita badala ya nane, ukiacha alama ya herufi kubwa, na "andika" linaanza na nukta ya 1, 2, 3, 4 na 6, alama ambayo sikuwahi kuipiga kwenye Perkins, mashine ya kuchapia nukta nundu, tangu shuleni. Cha ajabu zaidi, nikipeleka kishale juu ya neno hilo linajinyoosha na kuwa sahihi. Nikiondoka, linaharibika tena. Je, si kwamba baadhi ya pini zinazoinua nukta zimekwama?

Mhakiki wa nukta nundu, Kizota:

Marahaba ataitikia mwalimu mwenyewe. Mimi naomba kujibu hili la pili, kwa sababu lilinisumbua wiki nzima nilipoanza.

Pini zako ni nzima. Kilichotokea ni kwamba NVDA imewekewa jedwali la Kiingereza la daraja la 2, ambalo hufupisha maneno. Alama uliyoikuta mwanzoni mwa "andika" ni ufupisho wa herufi a, n na d. Katika Chamwino, ch imekuwa seli moja na in imekuwa seli moja, ndiyo maana nane zimebaki sita. Dodoma limenusurika kwa kuwa halina mkusanyiko wa herufi unaofupishwa. Kuhusu neno kujinyoosha chini ya kishale, hilo NVDA hulifanya kwa makusudi, ili mtu anayehariri aone kila herufi.

Fungua mipangilio ya NVDA, nenda sehemu ya nukta nundu, na kwenye jedwali la kutoa maandishi uchague Kiswahili cha Kenya, daraja la 1. Usishtushwe na jina la Kenya. Majedwali hayo yaliingia katika toleo la 2023.1, kwa hiyo usipoyakuta, sasisha programu kwanza. Jedwali la kuingizia maandishi huwekwa peke yake, nalo libadilishe kama unachapa kwa vitufe vya Orbit.

Msomaji wa Nkuhungu:

Chamwino imerudi na seli zake nane. Nina swali dogo tu: kwa nini "Jamhuri ya Muungano" haikai kwenye mstari mmoja, ilhali nikihesabu herufi na nafasi napata 19?

Mhakiki wa nukta nundu, Kizota:

Umesahau nukta ya 6 mbele ya kila herufi kubwa. Zipo mbili, kwa hiyo jumla ni 21, na kifaa chako kina 20. Kwa kuwa NVDA imewekwa isikate neno katikati, Muungano lote linasubiri mstari unaofuata. Chaguo hilo unaweza kuliondoa, ila mimi nimeliacha, kwa sababu majina ya watu yakikatwa katikati makosa hujificha hapo hapo.

Na kwa upepo wetu huu wa kiangazi, kifunike kila unapoinuka mezani, kwa maana vumbi likiingia kwenye matundu, hapo ndipo pini zitakwama kweli.