Mafundi wa matangi ya matumbawe, mnaua viumbe wa bahari kwa haraka ya pesa

Wadau, hili sasa limezidi. Tangi la bahari la lita elfu moja linafungwa sebuleni Dar Jumatatu, Ijumaa limeshajaa samaki aina ya kangaja, anemoni na matumbawe, na haupiti mwezi nyumba nzima inanuka shombo. Mwenye tangi anaambiwa samaki wa bahari ni wagumu kufuga. Uongo mtupu! Wameingizwa kwenye maji yasiyo na bakteria wa kuila amonia, na fundi anajua, au angepaswa kujua kabla ya kupokea hela ya mtu.

Samaki hutoa amonia muda wote kupitia mashavu na kinyesi. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria walioota kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kuwaotesha huchukua wiki 4 hadi 6. Na hapa mafundi waliozoea maji baridi ndipo wanapoangukia: maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8.1 hadi 8.4, na kwa pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji ya pH 7. Kiasi ambacho perege anakivumilia kinamuunguza kangaja mashavu. Utaratibu wenyewe hauna siri. Panga mawe, jaza maji, washa pampu, taa zikae zimezimwa. Tia kloridi ya amonia safi, gramu 6 hivi kwa lita 1,000, kipimo kisome karibu 2 mg kwa lita. Pima kila siku. Dozi kama hiyo ikiweza kuisha ndani ya saa 24, amonia 0 na naitraiti 0, badilisha sehemu kubwa ya maji ndipo uweke samaki wawili wadogo. Wawili, si kumi na wawili. Subiri wiki mbili, pima tena.

Kioo nacho ni aibu. Tangi la sentimita 200 kwa 70 kwa 70 linabeba lita 980, halafu mtu analifunga kwa kioo cha milimita 10 kwa sababu ndicho kilichobaki dukani! Kimo hicho kinataka milimita 15 pamoja na ukanda wa kioo kuzunguka juu, au 19 kama hutaki ukanda. Kioo hicho cha 15 peke yake kina kilo karibu 200. Ongeza maji, mawe, stendi na sampu (tangi la chini ambamo maji huchujwa kisha pampu huyarudisha juu), hupati chini ya tani 1.4. Kuliweka ghorofani bila kumuuliza mhandisi ni kuwahatarisha wanaoishi chini. Stendi ya chuma cha mraba ikaguliwe kwa pimamaji pande zote kabla tangi halijapanda juu yake. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka na isiyo na dawa ya ukungu. Ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa hiyo inaua.

Chumvi. Kuna watu wanakoroga chumvi ya mawe ya dukani na maji ya bomba na kuita bahari. Chumvi ya mashamba ya chumvi ni kloridi ya sodiamu karibu tupu: kalsiamu imeshaganda mapema kwenye vidimbwi vya mwanzo, na magnesiamu imebaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Tumbawe litajenga mifupa kwa nini? Tumia chumvi ya akwariamu, kilo 37 hivi kwa lita 1,000 za maji ya RO (yaliyosukumwa kwenye kichujio laini sana) yaliyopita kwenye rezini ya kunasa madini yaliyobaki mpaka mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0, halafu refraktomita, yaani kipima chumvi, isome gramu 35 kwa kilo ya maji. Anayechota baharini achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mito. Karibu na mdomo wa Msimbazi usithubutu, na wakati wa masika mvua hushusha chumvi na kuleta tope na mbolea.

Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Tangi likipoteza lita 10 kwa siku na wewe ukalala wiki nzima, chumvi inatoka 35 inafika 37.6. Kinachojaziwa kila siku ni maji ya RO matupu. Bado kuna mafundi wanaowaambia wateja wajazie maji ya chumvi!

Kinachokera kuliko vyote ni hita. Unamuuzia mtu wa Dar hita mbili, chumba kina nyuzi 32, juu kuna taa za wati 400, na mashine ya kupoza maji hujaitaja hata kwenye bei. Matumbawe yanataka 25 hadi 27. Yale ya baharini kwetu yalipauka kwa wingi mwaka 1998 maji yalipopata joto, na bahari haina taa kichwani wala pampu tumboni. Feni ya kupuliza juu ya maji husaidia kidogo tu, kwa sababu hewa ya pwani imeshashiba unyevu.

Halafu umeme unakatika na sakafu inaoga. Kwenye tangi la vipimo hivyo sentimita 1 ya maji ni lita 14. Mdomo wa bomba la kurudishia ukizama sentimita 5, pampu ikizimika lita 70 zinarudi kwenye sampu kwa mvuto. Mdomo ukae sentimita 1 tu chini ya uso wa maji, na sampu ibaki na nafasi tupu ya lita 100. Vali ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, konokono mmoja anatosha kuikwamisha. Fundi akabidhi kazi baada ya kuzima swichi mbele ya mteja mara tatu. Soketi zote zipite kwenye kikata umeme cha RCD, kile kinachozima umeme unapovuja, na pampu moja ya mawimbi iwe na betri, maana oksijeni huisha ndani ya saa chache.

Matumbawe yakianza kukua, pima alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) kila siku mbili, ibaki 8 hadi 9 kwa kipimo chake cha dKH, kalsiamu 420 mg kwa lita. Gramu 30 za magadi soda safi ya pakiti hupandisha dKH 1 kwenye lita 1,000, na usizidishe hapo kwa siku. Magadi ya kuchimbwa ziwani yana floraidi, usiyaguse.

Na acheni kuwatanguliza kangaja wa buluu kwa sababu wanapendeza kwenye picha! Ndio wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe, na vimelea vikishaingia kwenye tangi kubwa inabidi samaki wote watolewe na tangi likae bila samaki siku 76. Dawa ya shaba huwezi kuimwaga humo, inaua kamba, konokono na matumbawe. Kila samaki aanzie karantini. Tumbawe gumu lolote liko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, likivuka mpaka linahitaji kibali, kwa hiyo linalokuja kwenye ndoo bila karatasi mlikatae.

Mteja, kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio, dai karatasi yenye unene wa kioo, uzito wa jumla, mashine ya kupoza na tarehe ya samaki wa kwanza. Tarehe hiyo ikiwa chini ya wiki nne tangu maji kujazwa, usilipe.