Paka wangu haruki tena dirishani: ni uzito au ndiyo asili yake? Naombeni ushauri

Mama Keren
Salamu ndugu wote. Niko Lubumbashi, Bel-Air. Nina paka jike, British Shorthair, mwaka 1 na miezi 2. Rangi yake ni ya majivu na jina lake ni hilohilo, Majivu. Nilimnunua dola 400 kwa mtu anayewaleta kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Hadi mwezi wa 3 alikuwa anaruka dirisha la jikoni kila asubuhi kumngoja mama muuza ndakala (dagaa). Sasa anafika chini ya dirisha, anatazama juu, anakaa. Nimesoma kwamba jamii hii ni wazito na wapole, hawapendi kuparamia. Je, ndiyo tabia yao au nipunguze chakula? Nahitaji jibu kabla ya wiki 2 kuisha.

Shemeji wa Katuba
Dola 400 kwa nyau! Hiyo ni minervali (karo) ya watoto wangapi? Mungu atatuuliza.

Yaya Bijou
Mimi nina depo ya unga kule Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, na paka wangu wa bure tangu 2017. Panya walikuwa wanatoboa magunia, nikalia. Akaletwa huyo, jicho 1, mkia umekatika. Wiki ya kwanza tu asubuhi nikakuta panya 6 wamepangwa mlangoni kama askari. Hajawahi kuumwa. Mdogo wangu, paka anataka kazi, ndiyo dawa.

Papa Nyau
Tujibu alichouliza. British Shorthair wa kweli ana mifupa mipana, kifua kizito, manyoya mafupi lakini yamebanana. Jike hufika kilo 4 au 5 hivi na anaendelea kujaza mwili hadi karibu miaka 3. Kumchana mara 1 kwa wiki kunatosha. Hunenepa upesi akifugwa ndani, hivyo chakula kipimwe. Anakula nini?

Mama Keren
Bukari (ugali) kidogo na ndakala, na kopo mara 1 kwa wiki.

Papa Nyau
Bukari muiache. Paka ni mla nyama, unga unamnenepesha bure. Lakini hata mnene hujaribu kuruka akashindwa. Wako hajaribu kabisa.

Fundi wa Wanyama
Nimefanya kazi na veterineri miaka 9. Mama Keren, masikio yake yakoje?

Mama Keren
Masikio yana shauri gani na miguu? Nauliza uzito.

Fundi wa Wanyama
Nijibu tu, mama. Yamesimama au yameinama mbele? Na mkia, ukiupinda polepole kuanzia kwenye shina, unakubali au unakataa?

Yaya Bijou
Kama ni miguu, mpe nusu ya parasetamoli kwenye maziwa. Baridi hii ya mwezi wa 6 inatushika sote viungo.

Fundi wa Wanyama
HAPANA! Yaya, kwa heshima yote, hapana. Parasetamoli inaua paka, ini lake haliwezi kuivunja. Hata robo ya kidonge. Mama Keren, umempa?

Mama Keren
Sijampa. Shangazi alisema nimpe, nikaogopa.

Masikio yameinama. Yamelala kichwani kama kofia. Mwuzaji alisema ni British wa masikio ya kukunja, ndiyo sababu ya bei. Mkia nimeujaribu sasa hivi: ncha inapinda, shina gumu kama mpini wa mwiko. Nilipofika hapo akageuka, akanishika mkono kwa meno bila kuniuma, akaniangalia.

Fundi wa Wanyama
Basi ni Scottish Fold. Wa kwanza kujulikana ni Susie, jike mweupe aliyeonekana 1961 kwenye shamba karibu na Coupar Angus, Uskoti. Kizazi chake kilichanganywa na British Shorthair, kwa hiyo uso ni wa mviringo vilevile. Sikio linakunjika kwa sababu gegedu lake, ule mfupa laini, ni bovu, na gegedu hilohilo liko mkiani na kwenye vifundo vya miguu. Kila mwenye sikio hilo ana kasoro hiyo, mwingine kidogo, mwingine sana. Majivu haruki kwa sababu anaumia. Wiki 2 ni za nini?

Mama Keren
Kuna dume anakuja kutoka Kolwezi kumpanda. Naye masikio yamekunjwa. Watu 2 wameshanipa avansi ya dola 100 kila mmoja. Msinihukumu. Nina deni la nyumba, na mwuzaji aliniapia kwamba wote wakiwa wa kukunja, watoto watatoka wazuri zaidi.

Papa Nyau
Alikudanganya. Wote wawili wakiwa wa kukunja, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 anarithi kasoro pande zote mbili. Huyo huota mifupa kwenye vifundo akiwa bado mdogo, akatembea kwa shida maisha yake yote.

Mkongo wa Gent
Huku Flandria, Ubelgiji, tangu 2021 ni marufuku kuwazalisha na kuwauza.

Mama Keren
Lakini si kila mmoja anaumwa sana. Mtu wa Kolwezi anasema dume lake linakimbia. Nikizalisha mara 1 tu, kisha nimfunge kizazi?

Kijana wa Ruashi
Ndugu zangu, mnachezewa. Akaunti ina siku 3. Kwanza British, halafu masikio, halafu dume, halafu deni. Kesho ataomba namba za M-Pesa.

Shemeji wa Katuba
Hata mimi nilishangaa. Hiyo bei!

Mama Keren
Sijamwomba mtu hata franga 1. Nilificha kwa sababu nilijua mtaniambia nini.

Nawaambia ninachokiona sasa hivi. Amekaa kwa makalio, mgongo umeegemea kabati, miguu ya nyuma ameitupa mbele kama mzee barazani. Tulikuwa tunampiga picha akikaa hivyo, watoto wanacheka. Anakaa hivyo ili asikanyage, siyo?

Fundi wa Wanyama
Wengi hukaa hivyo ili kupunguza uzito kwenye viungo. Mpeleke apigwe eksirei ya miguu ya nyuma. Kupona hakuna, ila kuna dawa za maumivu za paka, kwa kipimo cha veterineri. Mtandikie pazito, baridi humkaza. Sanduku la mchanga liwe na ukingo mfupi. Weka kigoda chini ya dirisha.

Yaya Bijou
Nisamehe kwa ile parasetamoli, mdogo wangu. Avansi umezirudisha?

Mama Keren
Moja nimerudisha jioni hii. Ya pili nilishanunua sare za shule, nimeomba mwezi 1.

Kigoda nimeweka. Amepanda, akafika dirishani.

Tatizo ni Kolwezi. Nimepiga simu, dume tayari yuko kwenye basi, anafika kesho saa 11 alfajiri. Na Majivu ameanza kulia usiku, anajiburuta sakafuni.

Fundi wa Wanyama
Huo si ugonjwa, ni joto la kutaka dume. Basi lisikukute nyumbani. Nenda stendi mwenyewe, dume arudi na gari hilohilo. Likikataa kumbeba, mfungie chumba kingine, ufunguo ukae nao wewe, si watoto.

Mama Keren
Chumba chenye kitasa kinachofungika ni cha mama mkwe peke yake. Naenda kumwamsha.